Kwantamu ya Mtaani, Kwanta ya Paani

Miaka miwili iliyopita, karibu na kituo cha daladala, kijana mwenye koti jeupe alinishikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta. Dakika moja tu, majibu yakatoka: ini limechoka, figo zina sumu, mifupa haina kalsiamu. Dawa ilikuwa palepale mezani, chupa tatu za virutubisho. Nikalipa. Mashine hiyo, alisema, inatumia kwantamu.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaanza kulichimba hilo neno, na nakiri kilichonisukuma ni uchungu wa hela, si kiu ya elimu. Fizikia niliiacha kidato cha pili. Lakini tangu siku ile sijatoka humo.

Neno ni la Kilatini, maana yake "kiasi gani". Mwaka 1900 mjini Berlin, Max Planck alikuwa akihangaika na hesabu za mwanga unaotoka kwenye kitu kilichopashwa moto. Hazikukubali mpaka alipochukulia kwamba nishati hutoka kwa mafungu mafungu, haichuruziki kama maji ya bomba. Mwaka 1905 Albert Einstein, wakati huo mkaguzi wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, mjini Bern, akasema hata mwanga wenyewe ni mafungu. Fungu moja ndiyo kwanta. Hapo nilikwama wiki nzima, mpaka nilipoukumbuka mwembe wa bibi.

Embe huanguliwa kwa jiwe. Rusha mchanga ndoo hata kumi, halidondoki. Basi mwanga mwekundu ni mchanga: uzidishe ukali upendavyo, hauangui elektroni, zile chembe ndogo za umeme, hata moja kwenye bamba la zinki. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ni mawe. Hata ikiwa hafifu, elektroni zinaruka. Kwa maelezo hayo Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, wala si kwa ile nadharia ya muda na mwendo iliyompa umaarufu.

Siku hizi paneli ya sola juu ya paa langu naitazama kwa jicho lingine. Kila fungu la mwanga lenye nguvu ya kutosha linaangua elektroni ndani ya silikoni, na ndizo zinazochaji simu yangu. Mafungu madogo mno hupita bure. Yale makubwa kupita kiasi, ziada yake inaishia kuwa joto. Kompyuta za kwanta zinazoandikwa magazetini kila siku nimeziacha kwanza. Mimi bado niko kwenye bati.

Kinachoniudhi ni hiki. Mwaka jana mama alipelekwa kupigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Ile kweli ni kwanta tupu: viini vya atomi za haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili, vikiwa ndani ya sumaku kali, huwa na ngazi mbili tu za nishati, hakuna ya katikati, na mashine inasikiliza vinavyorudi kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Pale hospitali hakuna aliyetamka kwantamu. Walimwambia tu avue hereni na asijitikise.

Juzi nikakutana tena na wale vijana, meza ileile. Nikamuuliza mmoja, "Mdogo wangu, hiyo kwantamu ni nini hasa?"

"Teknolojia ya Kijerumani, kaka."

Nikacheka peke yangu njia nzima. Ujerumani, angalau, alipatia.