Tremors: kucheka huku nusu ya kijiji inaliwa

Wanaoiponda muvi ya Tremors wanasema jambo moja kwa maneno tofauti: haijaamua. Mtu katoa kiingilio chake aogope, anajikuta anacheka. Akishazoea kucheka, anaona mzee anavutwa chini ya ardhi huku akipiga kelele. Kwao huko ni kudanganywa mara mbili. Nimelisikia lalamiko hilo Mwanjelwa, nimelisikia Uyole, na juzi nimelisikia kwa kijana wa bodaboda anayezijua muvi za mazombi kuliko njia za Mbeya: "Ya kutisha itishe, ya kuchekesha ichekeshe. Hii imekaa katikati." Hoja hiyo ina uzito wake, na nitaifikia. Lakini nadhani wengi wanaoitoa wameiangalia muvi hii kwa jicho la kitu kingine.

Kwa ambaye haijampitia: ni muvi ya Marekani ya mwaka 1990, imeongozwa na Ron Underwood. Kevin Bacon na Fred Ward ni vibarua wawili, Val na Earl, katika kijiji cha jangwani kinachoitwa Perfection, jimbo la Nevada. Chini ya kijiji wametokea minyoo wakubwa wasio na macho, wanaowinda kwa kusikia mtikisiko wa ardhi. Ukitembea, wanakusikia. Ukiwasha jenereta, wanakuja. Sinema za huko haikuzitikisa sana, mapato yake yalikuwa kama dola milioni 16, lakini ilipoingia kwenye kanda za video ikapata watu wake, na hadi mwaka 2020 mfululizo wake ulikuwa umefikisha muvi saba.

Lawama ndogo ndogo zipo, na baadhi nazikubali. Muvi haisemi wadudu wametoka wapi. Wahusika wenyewe wanabishana, huyu anasema angani, yule anasema serikali, kisha wanaacha, maana wana shida kubwa zaidi ya hiyo. Mimi halinisumbui, ila naelewa anayetaka jibu. Yule kijana Melvin, anayewatania watu kwa kujifanya ameliwa, anachosha haraka. Na mapigano ya handaki la mzee Burt, mwenye bunduki ukuta mzima, yanafurahisha kuliko yanavyotisha. Kuhusu steringi, hapo sikubaliani kabisa. Watu wanasema hawa si steringi, ni deiwaka tu, vibarua wa kutwa. Ndiyo, ni deiwaka. Wanajenga uzio, wanabeba taka, na siku wanayoamua kuhama kijiji ni siku bomba la kunyonya maji machafu limewapasukia. Ukiangalia wanavyowashinda wadudu, utaona ni akili ya mtu aliyezoea kazi za mikono: wanajua kamba, wanajua mzigo, wanajua trekta linavuta nini.

Sasa lile kubwa, la kwamba kicheko kimeua hofu. Hapa naomba wanaolalamika wahesabu watu.

Kibao cha kuingilia Perfection kinasema wakazi ni 14. Si mapambo. Muvi inakuonyesha wote 14, mmoja mmoja, na kwa sababu wanatufanya tucheke ndiyo maana tunawakumbuka. Walter mwenye duka, anayetaka kumfanya mdudu biashara kabla hata hajamjua, kwa kuuza picha. Nestor. Mzee Fred na kondoo wake. Daktari na mkewe wanaojenga nyumba. Mpaka mwisho wamekufa sita: Edgar, Fred, daktari, mkewe, Walter na Nestor. Sita kati ya 14, karibu nusu ya kijiji, na hapo sijawahesabu wafanyakazi wawili wa barabara ambao hawakuwa wa pale. Kuna muvi za kutisha zinazoua watu mia na usimkumbuke hata mmoja. Hii imeua sita na unajua kila mmoja alikuwa anapenda nini. Duka la Walter lina siku nzima ya maneno na vicheko kabla sakafu haijapasuka, na sakafu inapopasuka anayeondoka ni yeye. Kama kile kicheko kisingekuwepo, kifo chake kingekuwa cha mtu wa duka tu.

Na Edgar je? Huyu hatumwoni akiwa hai. Val na Earl wanamkuta amepanda nguzo ya umeme, kakumbatia bunduki, amekufa. Daktari anasema amekufa kwa kiu. Alikaa juu siku kadhaa, maji yapo chini, akaogopa kushuka. Wakati huo bado hatujui alimwogopa nani. Ni kama dakika mbili tu za muvi, lakini mimi sijui tukio la kutisha zaidi lililotengenezwa kwa damu kidogo namna ile.

Niliwahi kuiangalia katika kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, mabenchi yamejaa, watu wanacheka tangu mwanzo. Likafika lile gari la daktari. Usiku wadudu wamelivuta chini mke wake akiwa ndani. Val na Earl wanafika, watu hawapo, gari halipo, wanasikia muziki na hawaoni unapotoka. Unatoka ardhini. Wanafukua mchanga kwa mikono na taa ya mbele ya gari inawaka usoni mwao. Kibanda kilinyamaza. Jamaa aliyekuwa anatafuna mahindi ya kuchoma akayashusha magotini. Watu walewale waliokuwa wanacheka dakika tatu kabla. Sasa mtu akiniambia kicheko kiliondoa hofu, namuuliza hofu ile ilitoka wapi, maana hakuna aliyekuja pale akiwa ameogopa.

Sisi ndio tungepaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine, kwa sababu tuna watani. Msibani mtani anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyotembea, waliokuwa wanalia wanacheka, na mama mzazi wa marehemu naye anacheka huku machozi yanashuka. Hakuna anayesema msiba umeharibiwa. Hakuna anayemwambia mtani achague, ama tulie ama tucheke. Tremors inafanya kazi ya mtani, na watu waliokulia kwenye utani huo ndio wanaoidai ichague.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa huku analo, wa tambarare huenda hana. Hofu ya muvi hii ni ya ardhi yenyewe. Mwanafunzi wa matetemeko, Rhonda, ndiye anayegundua mambo kwa kusoma vipimo vyake, na wanaopona ni wale wanaojifunza kukaa juu ya miamba. Sisi tunaishi kwenye bonde la ufa. Rungwe ni volkano, Ngozi ni ziwa ndani ya volkano. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa kama 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika Mashariki. Desemba 2009 Karonga ya Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilitikisika mara kwa mara na watu wakalala nje kwa kuogopa nyumba zao. Mtu wa Kyela au Tukuyu hahitaji kuelezwa inakuwaje vyombo vikigonga kabatini na hakuna aliyevigusa. Kwa hiyo ninaposikia "mnyoo wa chini ya ardhi, vitu vya watoto," nashangaa kidogo. Mnyoo ni wa kubuni. Kutoamini unapokanyaga si kwa kubuni.

Nimetaja watoto, na hapo ndipo wanaoiponda wana hoja yao ya nguvu, ingawa si wote wanaitumia. Muvi ikiitwa ya kuchekesha, mzazi analegeza macho. Marekani iliipa daraja la PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu kwa mtoto ambaye hajafika miaka 13. Kwenye vibanda vyetu daraja hilo halisomwi na mtu. Benchi la mbele ni la watoto wa darasa la pili. Tena muvi ina mtoto wa kike, Mindy, anayerukaruka barabarani kwenye fimbo ya springi, kaziba masikio kwa muziki, na kila anaporuka anamwita mdudu bila kujua. Mtu mzima anacheka na kushika kichwa kwa pamoja. Mtoto wa miaka saba hawezi kubeba vyote viwili, anabaki na kimoja, na usiku mama yake ndiye atakayejua ni kipi. Hili silipingi. Kicheko kinachoikuza hofu ya mkubwa kinaweza kumtega mdogo. Lakini kosa hilo ni la anayekaa mlangoni akipokea kiingilio, na dawa yake ni kuwatoa watoto, si kuitoa muvi.

Halafu kuna nakala zilizotafsiriwa. Wengi wa wanaobishana hapa mjini wameiona Tremors kupitia sauti ya mtafsiri, na mtafsiri naye ni mchekeshaji. Mimi nawaheshimu sana hawa watu. Lufufu na waliomfuata wamewafungulia sinema ya dunia watu ambao wangekaa nje. Ila muvi hii ina utani wake uliopimwa, na inajua pa kunyamaza. Nakala niliyoiona mara ya pili, mtafsiri alipiga stori juu ya lile tukio la gari lote, muziki wa chini ya mchanga haukusikika, na kibanda kilicheka moja kwa moja hadi taa ikafukuliwa. Aliyeiona hivyo tu na akasema haitishi, amesema kweli kuhusu alichokiona. Namwomba aitafute isiyo na maneno ya juu, hata kama Kiingereza chake ni cha kuunga, kwa sababu matukio makubwa ya muvi hii hayana maneno mengi. Na watafsiri wetu, wanaojua kibanda kuliko mwongozaji yeyote wa Marekani, wakifika kwenye Edgar na kwenye lile gari wazime kipaza sauti kwa dakika hizo chache.