Usawa hauombwi kwa risala

Ukitaka kujua usawa tunauelewaje, sikiliza risala ya Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. Nimezisikia nyingi hapa Tanga, pale viwanja vya Tangamano na kwenye ofisi za kata, na nyingine hupita mikononi mwangu kabla hazijasomwa, maana ukishafundisha Kiswahili watu hawakuachi hata ukistaafu: "Mwalimu, hebu tupitishie jicho." Zote baba yao mmoja. Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Pongezi. Historia fupi ya kikundi. Mafanikio, changamoto, kisha maombi: tunaomba utukumbuke, tunaomba utushike mkono, kwani mwanamke ni mama, ni dada, ni nguzo ya familia. Vigelegele vinapigwa, mgeni rasmi anavishwa kitenge, watu wanaelekea kwenye pilau.

Sina ugomvi na pilau. Ugomvi wangu ni na hayo maombi. Risala tuliyoizoea imekaa kiombaji tangu mstari wa kwanza: mhitaji huku, mwenye nacho kule. Ukiutia usawa humo ndani unageuka fadhila, na mwenye fadhila akikunyima hajakukosea kitu. Ndiyo maana tunayoyaomba mwaka huu ni yale yale ya mwaka juzi.

Wanaofundisha sanaa ya kuhutubia wamerithi kwa Aristotle mgawanyo wa njia tatu za kumvuta msikilizaji: heshima ya anayesema, hisia za anayesikia, na hoja yenyewe. Sisi watu wa pwani kwenye hisia tumejaliwa. Taarabu, mafumbo, maneno ya khanga, hata kwenda kumsuta mtu mlangoni kwake kwa ngoma, nani atufundishe? Lakini kwenye majukwaa yetu ya usawa hisia zinaachwa zifanye kazi yote peke yake, na msikilizaji anarudi nyumbani ameguswa sana, hadaiwi chochote.

Chukua hotuba ambayo hata asiyejua Marekani iko upande gani ameisikia. Agosti 28, 1963, Washington, mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln, watu wapatao 250,000, na Martin Luther King amesimama. Muulize mtu yeyote kijiweni alisema nini, utajibiwa: "Nina ndoto." Kweli alisema. Ila ndoto iko mwishoni, na haikuwemo kwenye karatasi aliyoishika. Mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye jukwaani, ndiye aliyempazia sauti awaeleze habari za ile ndoto, naye akaiacha karatasi akaenda na pumzi yake. Alichokuja nacho kimeandikwa kilihusu benki. Alisema waasisi wa Marekani walipoandika Katiba na Tangazo la Uhuru walitia saini hati ya ahadi, kwamba kila mtu, mweusi kwa mweupe, atapata haki ya kuishi, kuwa huru na kujitafutia furaha. Kwa mtu mweusi nchi hiyo ikatoa hundi mbovu, hundi iliyorudi na maandishi kwamba fedha hazitoshi. Lakini sisi, akasema, tunakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika. Tumekuja kuchukua chetu.

Hebu mtazame alivyowabana. Hakumsihi mzungu awe na moyo mzuri. Amemtandikia karatasi yenye saini ya babu zake, na sasa anayekataa kulipa anamkana babu yake mwenyewe. Deni likishathibitishwa, ndipo zikaja hisia, ndoto ya watoto wake wanne, vilima vyekundu vya Georgia na yote yaliyofuata, zikamkuta msikilizaji hana pa kutokea. Wanaoinukuu ndoto peke yake, na wanasiasa wa kila rangi wanaipenda kwa kuwa haimdai mtu, wameichana hundi wakabaki na bahasha.

(Na tusije tukamfanya malaika kila aliyekuwepo siku ile. Maandamano yenyewe ya haki, hakuna mwanamke hata mmoja aliyepewa hotuba kubwa kwenye ratiba. Waliwekewa kipengele cha kuwaenzi wapigania uhuru wa kike, Daisy Bates akasema maneno machache, basi.)

Sasa rudi kwetu, kwenye ile kauli ya "mama zetu, dada zetu, binti zetu". Nimeshabishana nayo mpaka na marafiki, na jibu ninalopewa ni kwamba ndiyo lugha wanaume wanayoielewa. Labda. Lakini fikiria imesema nini. Imesema mwanamke anastahili haki kwa sababu yuko mwanamume anayemhusu. Asiye mama je? Mjane asiye na mtoto, binti aliyeikimbia ndoa, mhudumu wa baa ambaye wateja hawataki hata kujua kwao ni wapi? Hao haki yao inapitia kwa nani?

Na mji huu ulishaipima kauli hiyo kwenye rangi. Wakati wa ukoloni Raskazone ilikuwa ya Wazungu, Waafrika wakakaa Ngamiani kwenye barabara za namba, na kwenye mashamba ya mkonge walikuwepo manamba waliotolewa mikoa ya mbali. Yaya alitoka Ngamiani asubuhi akaenda kulea mtoto wa bwana Raskazone. Akambeba, akamwimbia, akamfundisha Kiswahili. Mapenzi yalikuwepo, sina shaka nayo hata kidogo. Jioni yaya akarudi Ngamiani. Kupendwa na mtu hakujawahi kukupa usawa naye.

Aliyelijua hilo vizuri ni Nyerere, na si kwenye hotuba tunayoikariri. Tunayoikariri ni ya mwaka 1959, ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro umulike mpaka nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na matumaini. Nzuri sana, watoto wa shule wanaijua kwa moyo. Yenye meno ni ya Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ulipojadiliwa mswada wa uraia na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hapo hakuwa anampinga mkoloni. Alikuwa anawapinga watu wake, waliomshangilia jana. Angeweza kuwaomba wawahurumie Wahindi na Wazungu wachache waliobaki. Hakufanya hivyo. Aliwakumbusha kwamba kumbagua mtu kwa rangi yake ndicho kitu hasa walichokuwa wanakipiga vita, akawaambia wanahubiri ubaguzi kama dini, na kwamba ukishaufunga uraia kwenye rangi hutaishia hapo, utaendelea kukata mpaka nchi imalizike. Kisha akaweka kazi yake rehani: mswada ukianguka, serikali inajiuzulu. Wabunge waliyasikia maneno yao wenyewe yakirudi kuwadai.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wakubwa, bungeni na Washington, mama wa karai anahusikaje. Anahusika. Kikundi kimoja cha akina mama wanaokaanga samaki waliniletea risala yao kwenye daftari la mistari, kurasa tatu, jalada limeshika mafuta. Sehemu ya mkopo ilikuwa imeandikwa hivi: "Tunaomba Mheshimiwa utufikirie, kwani sisi ni akina mama wanyonge." Nikawauliza, mnyonge ni nani hapa? Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejeshwa mwaka uliofuata, lakini fungu halikuwa la kumsubiri mgeni rasmi alainike moyo. Ushuru mnaolipa sokoni umo kwenye hayo mapato. Tukaandika upya: "Kikundi kimesajiliwa, kina akaunti, na maombi yetu yalishapokelewa. Tunauliza sehemu yetu katika ile asilimia 4 imefikia wapi."

Mwenyekiti wao, mtu mzima aliyenizidi umri, akausoma mstari ule, akavua miwani. "Mwalimu, hii haitaonekana tuna kiburi?"

Swali hilo ni la haki, na wanaoandika kuhusu hotuba wakiwa mezani kwao hawalioni. Mwanamume akiuliza fedha zimefikia wapi anaitwa mfuatiliaji. Mwanamke akiuliza hivyo hivyo, ana mdomo. Tangu 1995, mkutano ule wa dunia wa wanawake wa Beijing, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella wa Ukerewe, mwanamke anayejua hesabu zake huambiwa ameleta mambo ya Beijing, na watu wanacheka. Maana yake, kabla hoja haijafika masikioni, msemaji anaulizwa kimoyomoyo: wewe ni nani hata useme? Ni mke wa nani?

Waliofaulu walilijibu swali hilo wao wenyewe, mapema, kabla hawajajibiwa na wengine. Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa jimbo la New York, alisimama kwenye mkutano wa haki za wanawake, Akron, Ohio, mwaka 1851. Wengi wanamjua kwa kibwagizo cha "je, mimi si mwanamke?", lakini taarifa ya gazeti iliyotoka wiki chache baadaye haina kibwagizo hicho. Kililetwa na mwandishi mwingine mwaka 1863, akamvika na lafudhi ya watumwa wa kusini ilhali lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidachi. Hata kumkuza mtu ni njia ya kumnyamazisha. Ile taarifa ya mwanzo ndiyo ninayoipenda. Mle anasema ana misuli sawa na mwanamume yeyote, amelima, amevuna, amepasua kuni. Nani anaweza kuzidi hapo? Kuhusu akili akawaambia, nikitumia vipimo vyetu, kama mwanamke ana kibaba na mwanamume ana kisaga, kwa nini kibaba chake kisijazwe? Ukumbi mzima wa watu wenye wasiwasi na akili za wanawake, amewamaliza kwa kukubali kwanza walichokisema.

Bibi Titi Mohamed hakuhitaji kufundishwa hilo. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam kabla TANU haijamjua, na mwaka 1955 alipoanza kuwakusanya wanawake alianzia kwenye vikundi vya ngoma, ambako tayari alikuwa mtu. Na Machi 2021, Dodoma, Samia Suluhu Hassan akiwa na siku chache tu madarakani, aliwajibu wenye mashaka kwa maneno mafupi: "Aliyesimama hapa ni Rais." Akasema anarudia, akarudia, kisha akaongeza: "mwenye maumbile ya mwanamke." Mengine kuhusu siasa tutabishana siku nyingine. Kama kipande cha hotuba, nakifundisha. Cheo kimetangulia, maumbile yamefuata, na hakuna neno "naomba".

Yule mwenyekiti hakuifuta sentensi yetu. Aliiwekea kitu mbele. Alitaka aanze na yeye mwenyewe: karai lake, moshi uliomharibu macho, watoto waliosoma kwa fedha ya samaki, ushuru asiowahi kuukwepa. Halafu ndiyo aulize. Hajawahi kumsikia Sojourner Truth maishani mwake. Siku ya siku aliisoma taratibu, mgeni rasmi akacheka kidogo, akasema mama huyu ana maneno, kisha akamwita mtu wake aandike. Mkopo haujatoka bado. Lakini aliandika, na mwaka juzi hawakuandika.

Sasa hivi nina binti wa kidato cha tatu anayejiandaa na shindano la kuhutubia, mada yake ndoa za utotoni. Nilimpa Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani akawa msemaji hodari wa kuupinga. Julai 5, 1852, Rochester, chama cha wanawake wapinga utumwa kilimwalika kuhutubia kwenye sherehe za uhuru wa Marekani, naye akawaambia sherehe hiyo ni yenu, si yangu. Mle ndani aliuliza: nithibitishe kwamba mtumwa ni mtu? Virginia ina makosa 72 ambayo mweusi akiyatenda anauawa, na mweupe anauawa kwa mawili tu kati ya hayo. Ng'ombe hashtakiwi. Sheria yenu yenyewe imekiri kwamba huyu ni mtu mwenye akili na wajibu. Nikamwambia binti, fanya hivyo hivyo na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 13 kinamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18. Msichana huyo wa miaka 15 hawezi kupiga kura, hawezi kufunga mkataba wa kupanga chumba. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Katiba ibara ya 12 ni sentensi ya watoto: binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Wasomee walichokitia saini.

Hataki. Anataka kuanza na rafiki yake waliyekaa dawati moja darasa la saba, ambaye sasa ana mtoto mgongoni. Nikamwambia watu watalia kisha watasahau. Akaniangalia. "Lakini Mwalimu, huyo Douglass wako si alianza kwa kuwasifia waasisi wao mpaka wakalegea?"

Kweli alianza hivyo, na kwa kirefu. Basi tumekubaliana rafiki atangulie, jina lake lisitajwe. Amepewa dakika tano jukwaani, na kifungu cha 13 kinasomeka kwa nusu dakika.