Gharama zifundishwe kwa mtumbwi wa dagaa

Muulize mwanafunzi wa biashara hapa Mwanza petroli ni gharama ya aina gani, atakujibu haraka: inayobadilika, yaani inayopanda na kushuka na mzigo. Darasani anapata alama zake. Lakini tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anayeshusha dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba anajua kuwa injini inakunywa mafuta yaleyale, mtumbwi urudi na ndoo mbili au thelathini.

Ndiyo maana naona somo la uhasibu wa menejimenti lingeanza na swali hili: gharama hii inasukumwa na nini? Leseni na mshahara wa mlinzi wa kambi vipo hata mtumbwi ukilala. Petroli na kuchaji taa hufuata idadi ya usiku wa kuvua, ambayo si kubwa, kwani mbalamwezi ikikolea dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Kinachopanda na kushuka na ndoo ni mgawo wa wavuvi, pale wanapolipwa kwa mzigo.

Tuchukue tarakimu za mfano. Gharama za mwezi zisizobadilika ni shilingi 400,000, na kila usiku ziwani unakula 60,000. Ndoo inauzwa 10,000, wavuvi wanachukua 4,000, tajiri anabaki na 6,000. Giza likimpa usiku 20, lazima mwezi mzima umletee 1,600,000 kabla hajaona faida, yaani ndoo 267 za kumwachia 6,000 kila moja.

Sasa petroli ipande, usiku mmoja ufike 75,000. Zinahitajika ndoo 317. Sababu ya hizo 50 za ziada haikutoka Kirumba. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kuwa tunayaagiza nje, bei hizo hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi mbele ya dola. Huo ndio uchumi mpana, na inaniuma kuona ukifundishwa kama habari ya Dodoma na Washington tu. Hata mfumuko wa bei, ambao Benki Kuu inalenga ubaki kati ya asilimia 3 na 5, ni wastani wa kikapu cha mlaji. Unaweza kutulia kabisa huku gharama za tajiri huyu zikipaa, kwa sababu kikapu chake yeye kimejaa petroli na nyavu. Mwanafunzi asiyeliona hilo atadhani Benki Kuu au tajiri anadanganya.

Swali ambalo ningelipa alama nyingi kwenye mtihani ni hili: petroli imeshapanda, na usiku wa leo tajiri anatarajia ndoo 14 tu, wakati wastani wa kufidia mwezi ni karibu 16. Atoe mtumbwi au aulaze? Atoe. Ndoo 14 zitamwachia 84,000, usiku utakula 75,000, na 9,000 inayobaki itasaidia kulipa leseni ambayo angedaiwa hata kama angelala.