Mbwa wa majuma matano, au wa manane?

Hapa Lubumbashi, iwe Katuba au Bel-Air, mwenye kuuza mbwa atakuambia umchukue angali mdogo. Majuma 5 yanatosha, atasema, anakula bukari (ugali) huyu. Hoja yake si ya kupuuza. Meno yaliyoanza kuota juma la 3 sasa yanamchoma mama kwenye chuchu. Amekonda, watoto wakimsogelea anainuka na kuondoka. Na unga wa kulisha vinywa 7 ni wa kununua. Mnunuzi naye ana methali yake: samaki mkunje angali mbichi.

Ila hapo mambo mawili yamechanganywa, kuacha ziwa na kuacha ndugu. Mbwa anayekula bukari bado yuko shuleni. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukatika. Akimchosha mama, mama humngurumia. Hivyo ndivyo anavyojifunza kupima taya zake. Anayeondolewa mapema huja kupimia vidole vya watoto wako, nasi tunafurahi kwamba ni mkali, atalinda parseli, yaani kiwanja cha nyumba. Mara nyingi huyo ni mwoga mwenye meno tu. Mlinzi asiyemtofautisha mwizi na shangazi, wa nini?

Ufaransa sheria inakataza kumuuza mbwa kabla ya majuma 8, na mpaka huo naukubali. Lakini kumchelewesha sana nako ni kosa. Umri wa kuzoea watu wageni, pikipiki na kelele za mtaa huanza juma la 3 na kufifia kati ya la 12 na la 14. Aliyefungiwa nyuma ya nyumba hadi miezi 4 ataiogopa dunia.

Kuna pia chanjo. Kinga aliyonyonya kwa mama hupungua taratibu, na parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, haisubiri. Sindano ya kwanza hutolewa kati ya majuma 6 na 8, kisha hurudiwa hadi la 16; ya kichaa cha mbwa kwa kawaida ni miezi 3. Wa majuma 5 anahamia parseli ngeni bila hata moja, na ikiwa ni mwezi wa Saba, analala barazani kwenye baridi bila ndugu wa kujikunyatia.

Mama akifa au akiugua, hapo hakuna mjadala, utamlea kwa chupa. Vinginevyo, mimi ningemlipa mwenye mbwa leo, nimwongezee unga wa majuma 3, nije kumchukua baadaye.