Usimuulize alikuwa wapi

Kuna swali moja linanikera kuliko yote wanayoulizwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioanza chuo wakiwa wakubwa kidogo kuliko wenzao, nalo ni hili: "Kwani ulikuwa wapi miaka yote hiyo?" Utaulizwa kwenye foleni ya usajili, utaulizwa kwenye grupu la kozi, na mhadhiri naye anaweza kukuuliza mbele ya darasa zima, halafu kila anayeuliza anaona ni swali jepesi tu, kama kuulizwa jina. Sio jepesi hata kidogo, na nataka niseme kwa nini maana hasira yangu haijaisha.

Kilichonichokoza ni hiki. Binti wa dada yangu kapata chuo, kozi ile ile aliyoitaka tangu yuko sekondari, na ana miaka 22. Ndugu yetu mmoja akampigia simu kumpongeza: hongera sana mwanangu, umechelewa kidogo lakini si haba. Simu ikakatwa, furaha ikaondoka nayo. Jioni akaja kuniuliza, "Mjomba, nikifika huko nikisema nina 19 kuna mtu atajua?" Yaani mtoto kapambana mpaka kapata nafasi, na jambo la kwanza analopanga kwenda kulifanya chuoni ni kuficha umri wake.

Na huyo ndugu anajua vizuri binti alikuwa wapi. Alikuwa anamuuguza mama yake. Dada yangu aliumwa, kulikuwa hakuna mtu mwingine wa kukaa naye usiku, binti akaweka vyeti vyake kabatini akakaa. Leo dada yangu anatembea mwenyewe na anapika mwenyewe. Sasa niambie hapo kilichochelewa ni nini.

Hebu fikiria watu wanaoanza chuo na miaka 21, 23, 25 wanatoka wapi. Kuna aliyekosa ada akaenda kufanya kazi kwanza, kuna aliyerudia mtihani, kuna aliyesomesha wadogo zake akasema mimi nitafuata, kuna aliyezaa, kuna aliyefiwa, kuna aliyeanza kozi aliyochaguliwa na wazazi akaona haiwezi akaacha akaanza upya, kuna aliyelazwa hospitali, kuna aliyekwenda jeshini. Wapo pia walioamua wenyewe kupumzika au kusafiri na hao swali haliwaumi, watakusimulia kwa raha. Ila wengi waliobaki, jibu la kweli ni siri ya familia, au ni ugonjwa, au ni umaskini, na wewe unalitaka papo hapo mbele ya watu ambao mtu huyo hajajua hata majina yao. Huna haki nalo.

Watu wakisikia hivi wanasema ah, ni maneno tu, apotezee. Hapana, maneno haya yana gharama na nimeiona kwa macho. Nilisoma na jamaa mmoja aliyekuwa na jibu tofauti kwa kila aliyemuuliza umri, mara alikuwa nje ya nchi, mara alikuwa na biashara, na kwa sababu majibu yalikuwa mengi ilibidi awakwepe watu wasije wakayalinganisha. Akawa hakai kwenye diskasheni. Hana mtu wa kumpa notsi akikosa kipindi, pepa za miaka iliyopita zinapita kwa wenzake yeye hazioni, ofisini kwa mhadhiri haendi kwa sababu anaogopa ataulizwa tena, na ukweli ni kwamba chuo hakisomwi na mtu mmoja peke yake chumbani, chuo kinasomwa kwa kuulizana, huyu kaelewa hapa yule kaelewa pale, usiku wa kuamkia mtihani mnakaa mnaelekezana mpaka inaeleweka. Yeye alikuwa nje ya yote hayo. Akafeli masomo aliyokuwa na uwezo nayo kabisa, na watu wakasema unaona, umri umempita, akili haishiki tena. Alikuwa na miaka 24! Akili yake haikuwa na tatizo lolote, tatizo ni aibu aliyotwishwa wiki ya kwanza. Mwaka wa mwisho ndio nikaja kujua kwamba miaka ile ya kabla ya chuo alikuwa mgonjwa.

Mimi mwenyewe nilianza na miaka 23 baada ya kufanya kazi, na nikasema hivyo hivyo siku ya kwanza, bila maelezo mengine. Waliendelea kuchimba, sikuongeza neno, wakachoka. Ndicho nilichomwambia binti afanye. Umri wako utaje, sababu zako baki nazo.

Halafu hii habari ya kwamba mtu akichelewa kidogo basi hawezi kushindana na waliotoka moja kwa moja sekondari, jamani, someni historia. Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi, alifika Paris mwaka 1891 akiwa na miaka 24. Warsaw, Poland, alikozaliwa, chuo kikuu kilikuwa hakipokei wanawake, na yeye na dada yake Bronisława walikubaliana mmoja aende Paris kusomea udaktari na mwingine abaki afanye kazi amtumie hela, halafu wabadilishane. Marie ndiye aliyebaki. Miaka kadhaa akawa mwalimu wa watoto kwenye nyumba za watu, usiku anajisomea fizikia na hesabu peke yake. Ndiyo, alipoingia darasani alijikuta nyuma ya wenzake kwa hesabu, ilibidi akaze kweli kweli. Mwaka 1893 akamaliza digrii ya fizikia akiwa wa kwanza, 1894 akamaliza ya hesabu akiwa wa pili. Tuzo mbili za Nobel zilikuja baadaye, ya 1903 na ya 1911. Miaka ile aliyofanya kazi ilimsomesha dada mtu mpaka akawa daktari. Nani ana ujasiri wa kusema ilipotea?

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, kazaliwa 1922, darasa la kwanza kaingia akiwa na miaka kama 12, Makerere 1943, akarudi akafundisha, na alipokwenda kusoma Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949 alikuwa na miaka 27. Digrii kaipata 1952, ana 30.

Kuna mfano mwingine naupenda zaidi kwa sababu sio wa mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia masomo askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani. Zaidi ya milioni mbili wakaingia vyuoni kwa sheria hiyo, watu wazima, wengine wana wake na watoto. Wakubwa wa vyuo waliogopa. Rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, Robert Hutchins, aliandika wazi kwamba wataharibu elimu, na James Conant wa Harvard naye alikuwa na wasiwasi wake. Walipofika darasani wakawa ndio wanafunzi makini kuliko wote, na Conant mwenyewe akaja kuwasifu. Mtu aliyekisubiri kiti miaka anakikalia tofauti, hana muda wa kukosa kipindi, asipoelewa ananyoosha mkono hata kama darasa zima limenyamaza, kwa sababu anajua kilichomtoa jasho mpaka kukaa pale. Wahadhiri wanalijua hili, waulizeni.

Hesabu ya kazi nayo ni fupi. Ukianza na 22 kozi ya miaka minne unamaliza na 26, na mtu akifanya kazi mpaka 60 bado ana miaka 34 mbele yake. Wanaomsikitikia binti huyu kwa sababu ya miaka mitatu, hiyo 34 hawajaihesabu.

Na hata huo umri wanaouita wa kawaida unategemea mtu kazaliwa wapi. Israeli vijana wengi wanapitia jeshi kwanza, kwa hiyo mwaka wa kwanza kukuta watu wa miaka 21 na kuendelea ni jambo la kila siku. Uingereza ukianza digrii ya kwanza na miaka 21 tu tayari unahesabiwa kwenye kundi la wanafunzi watu wazima. Umri ule ule, huku ni kawaida, kule umeshawekwa pembeni.

Sawa, ugumu upo, sitaki kumdanganya mtu. Utakaa na watu wanaocheka vitu ambavyo wewe huvicheki tena. Wenzako mliomaliza wote sekondari wataanza kuposti picha za mahafali wewe bado una asaimenti za mwaka wa kwanza, na siku hiyo itauma, acha iume ipite. Kama una mtoto au una mtu anayekutegemea, ratiba ya chuo haikufikirii, na hilo mimi sina dawa yake zaidi ya kusema tafuta msaada mapema kabla mitihani haijakukuta. Skolashipu nyingine zina ukomo wa umri, zisome masharti vizuri kabla hujajaza fomu. Na huo ukomo sijawahi kuelewa unamlinda nani, maana anayeukwaa mara nyingi ni yule yule aliyechelewa kwa kukosa hela.

Linalotisha kweli ni hesabu. Kwa kozi za sayansi, uhandisi, uchumi, hata takwimu za watu wa sosholojia, hesabu zinapotea mkononi ukikaa muda bila kuzigusa, na mhadhiri wa mwaka wa kwanza anaanzia pale walipoishia wale waliomaliza juzi. Haina uhusiano na akili wala umri, ni mazoezi tu, na yanarudi. Binti nimeshamtafutia vitabu vyake vya zamani. Anaanza na aljebra, kupanga fomula na hesabu za sehemu, zile ambazo kila mtu anadhani anazikumbuka, halafu logi (logarithm), halafu trigonometria, kalkulasi haigusi mpaka hizo zikae sawa. Kila siku kidogo, kwa kalamu na karatasi, bila kuangalia majibu ya nyuma. Jana alikwama kwenye logi tukakaa mpaka usiku, leo asubuhi kanitumia picha ya swali lile lile kalimaliza mwenyewe.