Mfereji wa Middlesex: reli ilistahili kushinda, ila si kwa namna ile

Ukitembea katika miji ya Wilmington na Billerica, kaskazini mwa Boston huko Marekani, utakuta handaki refu lililojaa majani makavu likipita katikati ya miti, na nguzo za mawe zimesimama kwenye Mto Shawsheen bila kubeba kitu. Haya ni mabaki ya Mfereji wa Middlesex, uliofunguliwa mwaka 1803 kati ya Charlestown, jirani na Boston, na Mto Merrimack, upande wa Lowell. Ulikuwa na urefu wa kilomita 43 hivi, malango 20 ya kupandisha na kushusha mashua, na madaraja manane yaliyobeba maji juu ya mito na vijito. Wachimbaji walitumia sepetu na mikokoteni.

Kisa chake husimuliwa kwa sentensi moja: reli ilikuja, mfereji ukafa. Wanahisa waliopinga reli huishia kuchekwa kama wazee waliotaka kuizuia kesho isije. Hapo ndipo mimi naachana na wasimulizi.

Hoja ya upande wa reli ni nzito. Mashua ya mizigo ilichukua saa 18 kutoka Boston hadi Lowell na 12 kurudi. Majira ya baridi maji yaliganda na kazi ikasimama hadi masika. Lowell nayo ilikuwa imegeuka mji wa viwanda vya nguo (merikani iliyofika Unguja kwa merikebu za Salem ilifumwa katika viwanda vya ukanda huo), na mwenye kiwanda hawezi kungoja barafu iyeyuke ndipo apate pamba. Treni ilipoanza Juni 1835, safari ya siku nzima ikawa ya saa moja na ushee. Hakuna hoja ya mfereji inayoweza kulishinda hilo, na wala sitajaribu kuitafuta.

Lakini tazama walioweka fedha. Mfereji ulipewa hati, yaani kibali rasmi cha kampuni, na jimbo la Massachusetts mwaka 1793, wakati ambapo hakuna mtu nchini humo aliyekuwa amekamilisha kazi ya ukubwa huo. Wanahisa waliitwa kuchangia, wakaitwa tena, na tena. Gawio la kwanza walilipata mwaka 1819, miaka 16 baada ya mashua kuanza kupita. Kwa hiyo kampuni ya reli ilipoomba kibali, walikuwa wameonja faida kwa miaka kumi na kidogo tu. Walipeleka pingamizi bungeni. Chini ya maneno yote ya kisheria walikuwa wakiuliza jambo ambalo hata leo lina maana: ikiwa umma unahitaji reli, kwa nini gharama ya kuua njia ya zamani ilipwe na watu walewale walioufungulia umma njia hiyo?

Jibu lilikuwa kwamba hati yao haikuwaahidi kutokuwa na mshindani. Kisheria, sawa. Mwaka 1837 Mahakama Kuu ya Marekani ilishikilia msimamo huohuo katika kesi ya daraja la Mto Charles, hapohapo Charlestown: kibali kisomwe kama kilivyoandikwa, kisiongezewe haki ambayo hakikuitaja. Jaji Taney alionya kwamba vinginevyo kampuni za barabara za zamani zingeamka usingizini kudai fidia, na reli zote zikwame. Ni onyo la busara.

Sasa soma hati ya reli yenyewe, ya mwaka 1830. Ndani yake jimbo liliahidi kwamba kwa miaka 30 hakuna reli nyingine itakayojengwa sambamba nayo kati ya Boston na Lowell. Miaka 30! Bunge lililowaambia wenye mfereji kuwa ushindani ni afya ya umma liliikinga kampuni mpya dhidi ya afya hiyohiyo. Watetezi wake husema wenye mitaji wasingejitokeza bila kinga. Huenda. Lakini hiyo ndiyo hoja ya wenye mfereji neno kwa neno: mtu haweki fedha zake katika jambo ambalo halijajaribiwa bila kuhakikishiwa kitu. Tofauti ni kwamba wao waliweka kwanza, wakaomba baadaye.

Na mfereji ndio uliobeba mawe ya kutandikia reli. Injini ya kwanza, iliyotoka Uingereza katika karakana ya Stephenson, ilipelekwa Lowell vipande vipande kwa mashua. Mhandisi wa reli, James Baldwin, alikuwa mtoto wa Loammi Baldwin aliyeujenga mfereji. Nawaza kama ushuru wa mizigo ile ulilipwa kamili.

Baada ya hapo mapato yaliporomoka. Mwaka 1843 wakala wa mfereji, Caleb Eddy, alipendekeza ugeuzwe kuwa njia ya kupeleka maji ya kunywa Boston. Lilikuwa wazo zuri, ila jiji likachagua chanzo kingine. Kufikia 1853 mashua zilikwisha, na miaka michache mbele mahakama ikatamka kuwa kampuni imepoteza haki zake zote, sababu mojawapo ikiwa ni kutoutumia mfereji. Kwanza wananyang'anywa wateja, kisha wanahukumiwa kwa kukosa wateja.

Sidai kwamba jimbo lilipaswa kuizuia reli, wala kulipa kila senti iliyozama. Lakini lililokuwa na uwezo wa kugawa ukiritimba wa miaka 30 lilikuwa pia na uwezo wa kuufunga kwa sharti: sehemu ndogo ya nauli ya kila tani, kwa miaka kadhaa, iende kwa wanahisa wa mfereji. Reli ya Boston na Lowell ilipata faida nzuri tangu mwanzo. Isingefilisika kwa sharti hilo.