Fomu za petisheni zikishajaa zinakwenda wapi?

Watu wa Mombasa tumechoka kuambiwa eti sisi ni wa kulalamika barazani tu na kikombe cha kahawa mkononi, ikifika siku ya kusaini kitu hatuonekani. Maneno hayo si haki hata kidogo. Petisheni ikiwa ya jambo linalowauma watu wanapanga laini, nimewaona kwa macho yangu, saa saba ya mchana na jua la huku mnalijua, wamama na mabuibui yao, vijana wa boda wameegesha pikipiki kando, wazee wa kanzu wanapishwa watangulie. Wanafika mezani, wanaandika jina, halafu peni inasimama. Inasimama kwenye ile safu ya pili, ya namba ya kipande, yaani kitambulisho cha taifa.

Pengine kwa mtu wa mahali pengine hiyo ni namba tu, lakini hapa Pwani kuna familia kibao ambazo kijana akifika miaka 18 alikuwa akiambiwa lete kipande cha babako, akileta anaambiwa lete na cha babu, kisha akae mbele ya kamati aulizwe ukoo wake umetoka wapi, na huyo kazaliwa hapa hapa, babake kazaliwa hapa, na makaburi yao yako hapa. Waislamu wa Pwani, Wasomali, Wanubi, wamelalamikia hili miaka na miaka. Februari 2025 Rais Ruto alikwenda Wajir akatia saini tamko la kuondoa ule mchujo wa ziada, na mimi nalishukuru tamko hilo, lakini woga haufutwi kwa tamko. Mtu aliyehangaika hivo kupata kipande hawezi kuipeana namba yake kwa kijana asiyemjua aliyeweka meza na mwavuli pembeni ya barabara. Mimi simlaumu, wallahi.

Sasa juu ya woga huo wekeni siasa za vyama. Mtaani kwetu watu walikuwa wanasaini petisheni ya maji. Maji ya Mombasa yanatoka nje ya kaunti, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi kule Kwale, na mifereji ikikauka inakauka kwa wote, mwenye kura ya ODM na mwenye kura ya UDA wote wananunua mitungi ya lita 20 kwa yule yule mwenye mkokoteni. Kama kuna jambo halina chama ni hilo. Na kweli laini ilianza vizuri, lakini angalieni swali watu walilokuwa wakiuliza wakifika. Hawakuuliza "inasema nini?" Waliuliza "hii ni ya nani?" Mmoja baada ya mwengine, hii ni ya nani, nani ameileta, nani yuko nyuma yake. Kisha wakatokea watu wa mheshimiwa mmoja na kofia zao na tishati za chama, wala hawakuwa wamealikwa, wakasimama mbele ya meza wakaanza kupiga picha laini yote na simu. Mama mmoja alimshika mwenzake mkono akamwambia "twende zetu dadangu, hapa tushauzwa." Wakaondoka, na wengi waliokuwa nyuma yao wakaondoka, na shida ya maji wameondoka nayo.

Yule mama hakukosea. Historia iko upande wake.

Mwaka 2015 CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo, walipeleka sahihi za Okoa Kenya, kampeni yao ya kubadilisha Katiba, wakasema zimepita milioni 1.6, Katiba inataka milioni moja, na 2016 IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ikahesabu ikasema zilizo sawa ni 891,598, mchezo ukaishia hapo. Ukaja BBI, mpango mwengine wa kubadilisha Katiba, baada ya mahasimu wa uchaguzi wa 2017, Uhuru na Raila, kupeana mikono, na IEBC ikasema imepata sahihi zaidi ya milioni 3. Lakini Januari 2021 majina yalipowekwa kwenye tovuti ya tume ili watu wajiangalie, Wakenya wengi walijikuta wamo na hawajawahi kugusa fomu yoyote. Haukupita mwaka, Juni 2021, watu wakaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Sasa niambieni, namba zile zilitoka wapi? Kuna vitabu chungu nzima vya kuandika wageni langoni mwa majengo, kuna madaftari ya maajenti wa pesa, kuna orodha za misaada na basari, na kuna hizi fomu za petisheni tunazosaini zikabebwa kwenye buti ya gari la mtu tusizione tena. Sitosema ni ipi, lakini mtu akisita kuandika namba yake anasita kwa sababu nzuri.

Na si Kenya tu. Venezuela 2003 watu walipanga laini kusaini wapate kura ya maoni ya kumuondoa Rais Hugo Chávez, nchi imegawanyika pande mbili kama ugomvi wa ndugu. Kura ilipigwa Agosti 2004 na Chávez akashinda. Lakini kabla ya hapo mbunge wa upande wake, Luis Tascón, alikuwa ameshaiweka orodha ya waliosaini kwenye intaneti, ukitia namba ya kitambulisho cha mtu unamuona kama alisaini au la. Fikirieni hilo kwenye mji kama huu wetu ambako kazi ya kaunti, basari ya mtoto, kibanda cha sokoni, vyote vinapita kwa mtu anayemjua mtu. Watu waliilalamikia orodha ile kwamba iliwanyima kazi na huduma, na wanawake watatu waliofutwa kazi serikalini mwaka 2004 ilibidi wasubiri hadi 2018 ndipo Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema walionewa kwa sababu ya sahihi zao. Miaka 14 jamani. Kwa kusaini karatasi ambayo sheria iliwaruhusu kusaini.

Kinachonikera zaidi ni kwamba petisheni nyingi za hapa kwetu hata hazihitaji umati huo tunaokusanyiwa. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi lake, kila mtu, yaani hata mmoja peke yake. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inasema vivyo hivyo kwa bunge la kaunti, na inataka wanaohusika wajibu bila kuchelewesha. Milioni moja ni ya kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi, ibara ya 257, basi. Kwa hiyo ukiona mwanasiasa anatafuta sahihi elfu kadhaa za barabara ya mtaa au dawa za zahanati, muulize za nini, maanake zingine hazimfikii karani wa bunge kabisa, zinabaki kwake kama daftari la watu wake akienda kuombea tiketi ya chama. Watu wengi kusaini pamoja kuna uzito wake, mimi nautaka sana, mwakilishi wa wadi hawezi kuziba masikio mbele ya mtaa mzima. Lakini uzito huo ni wa mtaa, na yeyote anayeubeba kwenda kuupima kwenye mizani yake anatuibia.

Kuna rafiki zangu wanasema basi majina yafichwe, asionekane mtu. Hapo sikubaliani nao. Petisheni isiyo na majina haina mwenyewe, karani ataitupa na atakuwa na haki. Watu wa Owino Uhuru, kule upande wa Mikindani, waliposhtaki juu ya sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri ikawaingia watoto wao damuni, walitoka na majina yao mbele ya mahakama. Ilikuwa hatari, Phyllis Omido aliyewaongoza alishakamatwa na kuvamiwa kwa sababu ya kazi hiyo, lakini walitoka. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukaangushwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Majina yao yalikuwa na nguvu kwa sababu walijua yamekwenda wapi, yako kwenye faili gani, nani anayashika.

Basi mimi nataka hivyo hivyo kwa petisheni ya maji, na ya ufuo wa umma, na ya zahanati. Juu ya fomu iandikwe ombi lenyewe kwa Kiswahili cha kueleweka, tena kwenye kila ukurasa, si ukurasa wa kwanza tu halafu zinazofuata ni mistari mitupu ambayo kesho mtu anaweza kuibandika kwenye ombi jengine. Kurasa zipewe namba. Mezani wakae watu wawili wanaojulikana mtaani kuwa wa vyama tofauti, kila mmoja amlinde mwenzake na amchunge mwenzake, na asiruhusiwe mtu kupiga picha laini wala fomu. Atakayesaini aambiwe zinapelekwa kwa nani na siku gani. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatupa haki ya kujua taarifa zetu zinatumiwa kwa kazi gani, na zikitumiwa kwa kazi nyengine tuna pa kushtaki, kwa hiyo hatuombi hisani ya mtu hapa.

Na mheshimiwa akitaka kusaini asaini, ni mkazi kama sisi, apange laini na aache kofia ya chama kwenye gari.

Fomu zikishapokelewa nakala ya barua yenye muhuri ibandikwe msikitini, kanisani na kwenye maskani ya vijana, na tarehe ionekane. Kamati ya Bunge la Taifa ikipewa petisheni ina siku zilizowekwa za kutoa jibu. Zikipita hakuna neno, wale wawili wa mezani waende tena pamoja kwa karani, wa ODM na wa UDA, wakaulize faili liko wapi, na jibu watakalopewa waje walisome pale pale watu walipopanga laini.